Valvu au transista: amplifaya za gitaa za kununua Nairobi, kuanzia ya kwanza hadi ya kuacha

Muulize mpiga gitaa yeyote anayezurura Luthuli Avenue akiulizia vyombo, ni amplifaya gani anayoiota. Atakutajia ya valvu, yaani inayokuza sauti kwa mirija ya kioo inayopata moto: Fender ya miaka ya sitini, Vox AC30, Marshall. Kisha muulize Jumapili iliyopita alipigia nini kanisani. Atakwambia alichomeka waya moja kwa moja kwenye miksa. Namwandikia mtu huyo, mwenye pesa za amplifaya moja tu.

Msimamo wangu nautoa mapema. Kwa wapiga gitaa wengi wa Nairobi, transista, yaani ile inayokuza sauti kwa vipande vidogo vya kielektroniki badala ya mirija hiyo, ndiyo ya kununua kwanza, na sababu si bei peke yake. Sababu kubwa ni muziki wenyewe. Benga, rumba na nyimbo za kusifu zinataka gitaa safi linalong'aa, kila noti isikike hata pale solo na ridhimu zinapopishana. Sikiliza Shirati Jazz au Les Wanyika: utamu uko kwenye mpangilio wa vidole, wala hakuna gitaa linalonguruma. Valvu nayo inajulikana zaidi kwa utamu wake inapolemewa. Kama hupigi roki wala bluzi, huenda unalipia kitu ambacho hutakitumia hata mara moja kwa mwezi.

Tofauti yenyewe

Valvu ikisukumwa hadi kikomo chake, haikati sauti ghafla. Inaibana kidogo kidogo, na mkono wako unaihisi: ukigusa nyuzi kwa upole inabaki safi, ukichapa inaanza kukwaruza. Transista ikifika kikomo hulikata wimbi papo hapo, na sauti inakuwa kali ya kuumiza sikio. Ndiyo maana wati 20 za valvu huonekana zina nguvu kuliko wati 20 za transista. Ile ya valvu unaweza kuitumia mpaka tone la mwisho, ya transista inabidi uachie akiba.

Na kwa kuwa tumetaja wati: ukitoka wati 50 kwenda 100 hupati sauti maradufu. Unaongeza desibeli 3 tu, tofauti ambayo sikio linaiona ndogo. Muuzaji anayekubembeleza ulipe zaidi kwa sababu ya wati peke yake, mwache aendelee kubembeleza.

Sifa mbaya ya transista ina historia. Fender walitoa amplifaya zao za kwanza za transista mwaka 1966, zikaharibika ovyo na sauti yake haikupendwa, na miaka michache baadaye zikaondolewa sokoni. Wazee wa kazi walizikimbia, na maneno yao yamerithiwa na vijana ambao hawajawahi hata kuziona. Mwaka 1975 Roland walitoa JC-120, na tangu hapo hoja kwamba transista haiwezi kutoa sauti safi ya kuridhisha ilikwisha.

Ya kwanza: transista ya kisasa inayoiga

Hizi ni amplifaya za transista zenye kompyuta ndogo ndani inayoiga tabia za amplifaya nyingine, pamoja na mwangwi na madoido mengine. Boss Katana ya wati 50 ndiyo ninayoipendekeza kwanza, ingawa Fender Mustang na ndugu zake hazikosei. Katana ina swichi ya kushusha nguvu kutoka wati 50 hadi 25 hadi nusu wati. Nusu wati ndiyo itakayokuokoa kwenye ploti, ambako ukuta ni tofali moja na jirani ana mtoto mchanga. Kanuni za NEMA, mamlaka ya mazingira, za mwaka 2009 kuhusu kelele zipo, lakini keateka atakufikia kabla ya NEMA. Ina tundu la hedifoni pia, kwa hiyo saa tano usiku unaweza kufanya mazoezi bila kesi.

Uzito wake ni kama kilo 12. Unaibeba kwa mkono mmoja, unapanda nayo matatu, unaiweka kwenye mapaja. Usidharau jambo hili. Amplifaya isiyobebeka huishia kuwa meza ya televisheni.

Kasoro zipo. Ikiharibika bodi yake, fundi wa kawaida hataitengeneza, ataibadilisha nzima kama ataipata. Na vitufe vyake vina tabaka za siri zinazohitaji kompyuta kuzifungua. Kama unataka kuwasha na kupiga tu, soma inayofuata.

Ya pili, na ya kwanza kwa bendi: Roland Jazz Chorus

Kwa anayepiga rumba au benga jukwaani na ana gari, au ana mwenye gari, hii naiweka juu ya zote. JC-120 ni amplifaya mbili za wati 60 ndani ya kasha moja, kila moja na spika yake ya inchi 12. Koras yake, yale madoido yanayofanya gitaa moja lisikike kama mawili, haitengenezwi kwenye waya. Spika moja hutoa sauti kavu, ya pili hutoa sauti inayoyumba, na zinachanganyikia hewani. Ukitaka kuikagua ya mitumba, washa koras, sogeza sikio karibu na spika moja, kisha nyingine, halafu rudi nyuma hatua nne. Ikiwa ni nzima, karibu na spika moja utasikia gitaa la kawaida, karibu na nyingine linaloyumba, na ukiwa nyuma litafunguka na kujaa chumba. Kama halifunguki, upande mmoja umekufa, na bei ishuke.

Ina kilo 28. JC-40, yenye spika mbili za inchi 10, ni nyepesi zaidi na inatosha kanisa la ukubwa wa kati. Swichi ya kukwaruza iliyomo kwenye JC isahau, haina maana. Weka pedali, kisanduku cha madoido cha kukanyaga kwa mguu, mbele yake.

Jambo la kuangalia kabla ya kumpa mtu shilingi: kibandiko cha volti kilicho nyuma. Zipo zinazotoka Japani, na stima ya Japani ni volti 100. Ukiichomeka kwenye soketi yetu ya volti 240, moshi utakujibu. Peavey Bandit ya zamani nayo ni mbadala mzuri kwa mfuko mdogo. Haina uzuri wa sura, lakini ni ngumu kama ngozi ya kiboko, na fundi yeyote mwenye mkono mzuri ataielewa.

Ya tatu: valvu mpya, ndogo

Kama moyo umeshaamua valvu, anza na mpya ya wati 15 au chini. Fender Blues Junior ina valvu mbili za nguvu aina ya EL84 na tatu ndogo za mbele aina ya 12AX7, na uzito wa kilo 14 hivi. Vox AC15 ni ya ukoo huo huo wa EL84, na inang'aa zaidi kwenye nyuzi nyembamba, kwa hiyo mpiga solo wa benga akitaka valvu ningempeleka hapo. Hakikisha unanunua iliyotengenezwa kwa volti 230 au 240.

Wati 15 za valvu si kidogo. Ndani ya chumba cha kupanga hutawahi kuifikisha pale inaponoga, na hapo ndipo wengi wanajikuta wamelipia utamu wasioruhusiwa kuusikia.

Valvu hufa. Zile za nguvu, ukipiga kila wiki kwa sauti kubwa, zinaweza kuhitaji kubadilishwa baada ya mwaka mmoja au miwili. Zile ndogo za mbele huishi muda mrefu zaidi. Leo zinatengenezwa hasa Slovakia, Urusi na China, na mara nyingi utaziagiza, ukalipia usafiri, ushuru na VAT ya asilimia 16 juu. Nunua seti ya akiba siku ile ile unayonunua amplifaya.

Ya nne: valvu ya zamani

Hapa ndipo ndoto ilipo, na hapa ndipo pesa inapopotelea. Sipingi. Fender Deluxe Reverb ya katikati ya miaka ya sitini, wati 22 na spika moja ya inchi 12, ni chombo cha kupendeza kweli. Twin Reverb ya wakati huo, wati 85, hutoa sauti safi ambayo mpiga rumba angeilia, hivyo si haki kusema valvu ni ya roki tu. Tatizo ni umri na stima.

Amplifaya ya Marekani imejengwa kwa volti 110 hadi 120 na hezi 60 (hezi ni mipigo ya stima kwa sekunde). Kwetu ni volti 240 na hezi 50. Transfoma ya kushusha volti utaipata mjini, na uchukue yenye uwezo angalau mara mbili ya wati zilizoandikwa nyuma ya amplifaya. Lakini transfoma hiyo haigusi hezi. Transfoma ya ndani ya amplifaya iliyokusudiwa hezi 60 hupata moto zaidi ikipewa 50, na ikiwa na miaka sitini hujui imebakiza nini. Kwa hiyo shauri langu ni hili: ukitaka ya zamani, tafuta iliyotoka Uingereza kabla ya kutazama ya Marekani. Marshall, Vox au Laney iliyouzwa kule ina volti zetu, hezi zetu, na hata plagi yetu ya miguu mitatu. Kwa wapenda Fender, zile za mwisho wa miaka ya sitini na za sabini zenye uso wa fedha ni nafuu kuliko zenye uso mweusi, na nyingi saketi zake hazitofautiani sana.

Ukaguzi ufanye mchana, bila haraka. Kabla ya kuwasha, nusa nyuma: harufu ya kuungua haitoki kwa kufutwa vumbi. Toa fyuzi uisome. Zipo zilizofungwa karatasi ya fedha ya pakiti ya sigara ili mzigo usikatike, na mwenye kufanya hivyo alikuwa anaficha ugonjwa. Tazama waya wa stima. Ukiwa na miguu miwili bila waya wa ardhi, usiguse nyuzi na maikrofoni kwa pamoja mpaka fundi aubadilishe. Kuna waimbaji waliopigwa na stima mdomoni kwa njia hiyo. Hakikisha spika imeunganishwa, kwa sababu amplifaya ya valvu ikipigwa bila spika inaweza kuunguza transfoma yake ya kutolea sauti. Sasa washa, ngoja valvu zipate joto, sikiliza. Mvumo mdogo ni kawaida. Mvumo mkubwa usiobadilika ukipunguza sauti ni dalili ya kapasita (vihifadhi umeme) zilizokauka, na za umri huo mara nyingi zimekauka. Gonga kila valvu taratibu kwa mgongo wa penseli: ikilia kama kengele kwenye spika, imechoka. Zima taa uangalie ndani. Rangi ya chungwa katikati ya valvu ni nzuri, lakini bamba la chuma likianza kuwa jekundu, zima mara moja. Kisha piga nusu saa nzima. Magonjwa mengi hujificha mpaka chombo kipate moto, na muuzaji anayekukataza nusu saa anajua kwa nini.

Gharama ya kapasita mpya, valvu mpya na waya mpya ijumlishe kwenye bei kabla ya kuanza kubargain. Halafu swali zito zaidi: nani ataitengeneza? Fundi mahiri wa sabufa na televisheni si lazima awe fundi wa valvu. Ndani mna zaidi ya volti 400, na kapasita hushikilia umeme hata baada ya kuchomoa plagi. Mpate kwanza fundi anayeanza kwa kuzimwaga kapasita kabla ya kutia mkono, ndipo utafute amplifaya. Akianza kuchokonoa kwa bisibisi moja kwa moja, mshukuru, uondoke.

Stima ikipotea na kurudi kwa kishindo, au ukipigia jenereta ndogo kwenye harusi ya shambani, volti hupanda, na valvu huzeeka haraka kwa hilo. Weka kinga ya volti kama unavyowekea friji. Kwa transista pia, lakini kwa valvu ni lazima.

Wanaopigia barabarani

Kwa upigaji wa nje, hapana mjadala: Roland Cube Street hufanya kazi kwa betri sita ndogo za AA na ina mlango wa maikrofoni. Kama kazi yako yote ni hiyo, ichukue ukasahau yote niliyoandika juu.

Ya kuacha

Vile visanduku vya wati 10 vinavyokuja kwenye furushi moja na gitaa la mwanafunzi. Spika yake ni ndogo, besi hakuna, na kitufe cha kukwaruza kinatoa sauti ya nyuki chupani. Kama bajeti inaishia hapo, usinunue amplifaya kwa sasa. Nunua pedali ya mitumba yenye uwezo wa kuiga spika, Zoom au Boss, uchomeke hedifoni nyumbani na miksa kanisani. Kitu cha muhimu ni huo uigaji wa spika. Bila huo, gitaa likiingia kwenye miksa husikika jembamba na lenye miba, na fundi wa mitambo atalizima kimyakimya katikati ya ibada.