KiCad, ukiitumia kugusa bodi ya wenzako: nyota nne kati ya tano

Kwa michoro yangu mwenyewe sina kinyongo na KiCad. Ni programu huria ya kuchora bodi za saketi za kielektroniki, kazi iliyoanzishwa na Jean-Pierre Charras mwaka 1992, haidai malipo wala haikuwekei kikomo cha ukubwa wa bodi. Ila nilikuja kuijua vizuri siku nilipotaka kuchangia mradi wa watu wengine.

Mradi wenyewe ni kipima unyevu wa udongo chenye ESP32 (chipu yenye Wi-Fi ndani yake) na betri moja ya lithiamu. Kila kilipowasha Wi-Fi kilizimika na kuanza upya. Wenzangu walikuwa wakihangaika na programu ya ndani, mimi nikachukua mita. Kidhibiti volti kilichowekwa kinataka kama volti 1.1 juu ya zile 3.3 kinazotoa, na betri hiyo hata ikijaa pomoni haizidi 4.2. Jumlisha mwenyewe.

Nikafungua faili kwa toleo la 8, nikabadilisha kidhibiti, nikanyoosha na njia mbili tatu za shaba zilizokuwa zikiniudhi macho, nikatuma. Nikakataliwa, tena kwa haki. Mradi ulikuwa bado kwenye toleo la 7, na faili ikishahifadhiwa kwa toleo jipya, la zamani haliifungui. Hapo ndipo ninapokata nyota. Halafu faili za KiCad ni maandishi matupu, na Git, programu ya kutunza historia ya mabadiliko, huonyesha kila mstari uliobadilika. Sifa hiyo nzuri ndiyo iliyoniumbua, maana rekebisho langu dogo lilizama ndani ya usafi ambao hakuna aliyeniomba. Msimbo wa watu wawili mara nyingi huungana. Bodi ikichorwa na wawili kwa wakati mmoja, mmoja atafuta yake.

Mara ya pili niliuliza kwanza, nikasakinisha toleo la 7, nikagusa kidhibiti na kapasita zake mbili, basi. Ukaguzi wa DRC, ule wa KiCad wa kanuni za mchoro, ukapita bila kosa hata moja. Usiuamini kupita kiasi: unajua njia zilizokaribiana mno, haujui kama mguu wa kwanza wa kijenzi ulichonunua ni ardhi au ni volti. Vidhibiti vya miguu mitatu vinafanana kama mapacha na mpangilio wa miguu hutofautiana. Nilisoma karatasi ya maelezo ya kijenzi mara mbili, kisha nikachapisha bodi kwa ukubwa wake halisi na kukiweka kijenzi juu ya karatasi. (Mwonekano wa pande tatu ni mzuri, lakini karatasi haidanganyi vipimo.)

Leseni zilinichukua jioni nzima: mchoro uko chini ya CERN-OHL, leseni huria ya vifaa, na programu chini ya GPL, leseni huria ya programu.

Msimamizi alinirudishia mara moja tu, nifute herufi za jina langu nilizozichomeka pembeni ya bodi. Nikazifuta, rekebisho likaingia.