regex101: kama kazi yako ni kutoa majina ya mafaili kwenye linki, anzia hapa

Wakuu, hii tovuti ya regex101 naitumia karibu kila siku na naisifia bila kuficha, maana naona watu bado wanaandika regeksi (fomula ya alama ya kutafutia maandishi) moja kwa moja ndani ya skripti, wanarun, inagoma, wanabadilisha herufi moja, wanarun tena, mpaka jua linazama. Hapa unapesti data yako chini, regeksi unaandika juu, na kila kinachodakwa kinapakwa rangi hapo hapo unavyotaipu. Aliyeitengeneza anaitwa Firas Dib, ni ya bure, na hata kujisajili sio lazima.

Mimi naitumia zaidi kwa mafaili na linki. Mteja anakutumia listi ndefu ya linki za picha za bidhaa, anataka jina la faili tu ili alinganishe na stoku yake kwenye Excel. Ukisikia hivyo unaona kazi ndogo, unaandika [^/]+$ yaani chukua chochote kisicho slashi mpaka mwisho wa mstari, na kweli kwenye /home/duka/picha/sabuni.jpg unapata sabuni.jpg safi kabisa. Sasa pesti hii uone: https://example.com/picha/sabuni.jpg?v=2&rudi=/nyumbani. Rangi inaenda kukaa kwenye nyumbani, sabuni yenyewe haijaguswa! Hapo ndo naipendea hii tovuti, kosa unaliona kwa macho kabla halijaingia kwenye data ya mtu.

Ya kwangu ninayoitumia kwa linki ni hii, na flagi za g (idake zote, sio ya kwanza tu) na m (^ na $ zifanye kazi kwa kila mstari) ziwe zimewashwa:

^https?://[^/?#\n]+/(?:[^?#\n]*/)?([^/?#\n]+)(?=[?#]|$)

Mwanzo inapita jina la tovuti, ile (?: ... )? inapita mafolda yote hata yawe mangapi, kundi namba 1, yaani kile kinachodakwa na mabano ya ([^/?#\n]+), ndo jina lenyewe, alafu mwisho inahakikisha kwamba jina linafuatwa na ? au # au mstari umeisha, kwa hiyo linki inayoishia na slashi haitakuletea jina la folda ukadhani ni faili. Na hizo \n msizidharau. Ukiandika [^?#] unasema "chochote isipokuwa hivi viwili" na kuruka mstari nako kumo kwenye hicho chochote, ndo maana ukiitoa ile \n ya kwenye mafolda utaona rangi inamwagika mpaka mistari ya chini na linki kibao zinahesabika kama moja. Kwenye skripti hilo ungeligundua saa ngapi?

Kitu cha kuzoea ni slashi. Ukiwa kwenye PCRE2 (aina ya regeksi inayotumika mfano kwenye PHP), regeksi inafungwa na slashi mbele na nyuma, sasa linki zimejaa slashi, kwa hiyo inakupigia kelele nyekundu mpaka kila moja uiwekee \ mbele na regeksi inakuwa haisomeki tena. Bonyeza hapo pembeni ubadilishe kifungio, weka ~ maisha yaendelee (sio #, maana # tunaihitaji ndani). Au chagua Python, huko hilo tatizo halipo.

Na kuchagua lugha ni muhimu jamani, usipite tu. Ukitaka kundi lako liwe na jina, Python inataka (?P<jina>...) wakati JavaScript inataka (?<jina>...), PCRE inakubali zote mbili. Ukijaribu kwenye PCRE ukapeleka Python utashangaa kwanini imekataa. Zipo pia Go, Java, C# na Rust, chagua ile utakayoitumia kweli.

Kulia kuna maelezo ya kila kipande cha regeksi yako, kwa anayejifunza hayo tu yanatosha kuifungua kila siku. PCRE ina pia dibaga (kifaa cha kufuatilia makosa) inayokuonyesha hatua kwa hatua injini inavyorudi nyuma kujaribu upya, nzuri sana pale regeksi inapokuwa nzito hujui kwanini.

Ila tuambiane ukweli, sio kila kitu ni cha regeksi. Jina lenye %20 litatoka na %20 yake, regeksi hii haiigeuzi iwe nafasi, hiyo ni kazi ya unquote kwenye Python au decodeURIComponent kwenye JavaScript. Na kama ni njia za mafaili ya kwenye mashine yako tu, pathlib ya Python inakupa .name (jina zima) na .stem (jina bila ekstensheni ya mwisho) bila kuumiza kichwa, japo ripoti.tar.gz nayo .stem yake ni ripoti.tar, kwa hiyo hapo uamue mwenyewe ekstensheni inaanzia wapi.

La mwisho, ukibonyeza kusevu unapewa linki ya kushea na maandishi uliyopesti yanaenda nayo, mwenye hiyo linki anaweza kuyaona. Linki za wateja saa ingine zina tokeni (kodi ya siri ya kuingilia) au email ya mtu kule baada ya alama ya kuuliza. Weka za mfano zenye umbo lile lile, ukimaliza chukua regeksi yako ukairun kwenye data halisi huko kwako.