Kalipa za pistoni nne kwenye Forester yangu: mteremko wa Soni umezikubali, spea tairi imezikataa

Kutoka Lushoto mjini mpaka Mombo ni kilomita kama 33, kona juu ya kona, na mimi huteremka nimebeba. Kila wiki napanda mlimani kuchukua karoti na hoho za kuuza Tanga mjini. Gari ni Subaru Forester SG5 ya 2005, ile isiyo na tabo (turbo). Nikilaza viti vya nyuma naingiza viroba mpaka gari linachuchumaa.

Machi mwaka huu, nimeshaipita Soni, mji mdogo ulioko njiani, nikasikia harufu ya kuungua. Nikadhani ni lori la mbele. Kona ya pili baada ya hapo nikakanyaga breki na mguu ukazama kama nimekanyaga godoro. Nikapampu, nikatia gia ya 2, nikavuta hendibreki taratibu, gari likasimama ubavuni mwa mlima. Vijana wa hapo wakaja na dumu la maji wanataka kumwagia magurudumu. Nikawakatalia. Diski ikiwa ya moto vile ukiimwagia maji baridi inaweza kupinda au kupasuka. Nikakaa kwenye jiwe dakika arobaini, moto ukapoa, na pedali ikarudi kama hakuna kilichotokea.

Fundi wangu wa Tanga hakugusa hata gurudumu. Alifungua kizibo cha mafuta ya breki akachovya kidole.

"Mama, haya umebadilisha lini?"

"Sijawahi."

"Basi ulikuwa unachemsha supu."

Mafuta ya breki hunyonya unyevu wa hewani, na unyevu ukishaingia yanachemka mapema. Yana madaraja: DOT 3 mapya hayatakiwi kuchemka chini ya nyuzi 205 za Selsiasi, lakini yakishanywa maji kiwango kinashuka mpaka 140. DOT 4 ni 230, na yakichakaa ni 155. Yakichemka yanatoa mvuke, mvuke unabonyea, na wewe unabaki unakanyaga hewa. Fundi akaniwekea DOT 4, pedi mpya za mbele, akatoa upepo kwenye mabomba ya breki ya magurudumu yote manne. Laki moja na nusu jumla, na wala hakunishauri zaidi ya hapo.

Mpwa wangu wa Dar ndiye aliyenitia maneno. Anaendesha WRX, Subaru ya mbio, na kwake yeye gari lisilo na kalipa za pistoni nne halijaanza kuwa gari. Kalipa ni kile chuma kinachobana pedi kwenye diski, na pistoni ndizo zinazozisukuma pedi. Akanieleza kwamba kalipa za mbele za WRX zinakaa kwenye Forester yangu bila kuchonga chochote, ila diski lazima zibadilike: zangu zilikuwa za milimita 277, na hizo zinataka za 294. Nilihesabu siku tatu. Siku ya nne nikatuma pesa.

Kalipa za mtumba zilitoka duka moja la Gerezani, Dar, 480,000 kwa jozi, zikaja kwa basi ndani ya boksi la biskuti. Nyekundu zinang'aa, neno SUBARU limepakwa jeupe, nzuri za kupigia picha. Fundi alizitazama akacheka. Akaingiza upepo wa kompresa huku ameziba kwa kipande cha ubao. Pistoni tatu zikatoka, puh, puh, puh. Ya nne ikagoma. Alipoing'oa kwa nguvu tukaona kutu imeila ubavu, vidonda vidonda kama embe lililogongwa na mvua ya mawe. Rangi ilikuwa mpya, na hata mpira wa vumbi ulikuwa umepakwa rangi! Nilipopiga simu dukani nikajibiwa kwamba mali ikishauzwa hairudi. Pistoni nyingine na sili za pande zote zikanigharimu 95,000 zaidi. Ukinunua kalipa za mtumba, mwambie muuzaji azisukume pistoni mbele ya macho yako, au mtume mtu anayejua. Rangi isikushawishi.

Diski mpya 260,000, pedi zake 130,000, ufundi 80,000. Rimu zangu za inchi 15 hazikuweza kuingia, zinagonga kalipa, kwa hiyo nikatafuta rimu nne za 16 na matairi ya 215/60. Hizo sitaki hata kuzitaja bei, mume wangu husoma.

Alfajiri moja nikatoka barabara ya Muheza kuzizoesha pedi: mwendo 60, kanyaga mpaka 10 bila kusimama, achia, rudia mara kumi, halafu endesha pole pole zipoe. Fundi alisisitiza nisisimame kabisa zikiwa za moto, pedi zisije zikaacha alama kwenye diski.

Sasa, zinasimamisha gari? Ukikanyaga ghafla mara moja pale Mombo kwenye tambarare, sikuona tofauti ya maana na zile za zamani. Breki ndogo nazo zilikuwa zinatosha kufunga tairi, na ABS, ule mfumo unaozuia tairi zisifunge, ikianza kutetemesha mguu ujue aliyeshindwa ni tairi. Tofauti iko mteremkoni. Ile safari ya kwanza nimebeba, kona ya ishirini pedali ilikuwa pale pale ilipokuwa kona ya kwanza, ngumu, haina ubishi. Diski kubwa inameza moto mwingi kabla haijalalamika. Nilishuka mpaka chini bila harufu.

Lakini nawaambia ukweli: zile wiki tatu za kati, nilipokuwa na DOT 4 na pedi mpya tu, niliteremka pia salama, gia ya 2, nimebeba vile vile. Harufu kidogo ilikuwepo, pedali haikuzama. Robo tatu ya nafuu yangu niliipata kwa ile laki na nusu. Zaidi ya milioni iliyofuata ilininunulia robo iliyobaki, pamoja na sifa kutoka kwa mpwa.

Na kuna jambo ambalo si mpwa, si fundi, si muuzaji aliyenikumbusha. Pancha ya kwanza ilinikuta Korogwe, tairi la mbele kushoto. Nikatoa spea, rimu ile ile ya zamani ya inchi 15. Nikaipachika, ikagonga kalipa, haizunguki. Ikabidi niivalishe nyuma, niling'oe la nyuma nilihamishie mbele, jeki mara mbili juani, hoho zinanyauka. Sasa nimenunua rimu ya tano ya 16. Ni nene kidogo, mkeka wa buti umeinuka, na kiroba cha sita hakikai sawa.