Bushi za raba na za poli: Prado yangu imezijaribu zote, Mwanza

Mwanzoni mwa 2024 Prado yangu ya 1998, ile ya dizeli yenye injini ya 1KZ, ilianza kugonga mbele kila nilipopanda pantoni pale Kigongo. Tairi zikigusa tu ule mlango wa chuma: go! Mara moja, kushoto. Kijana wa pantoni alishanizoea, akawa ananiambia, "Bosi, gari inakuita gereji hiyo."

Fundi alichomeka nondo kati ya chesesi na amu ya chini, ule mkono wa chuma unaoshika gurudumu, akatikisa, nikajionea mwenyewe. Bushi, ule mto wa raba unaokaa pale amu inapofungwa kwenye chesesi, imepasuka, chuma cha katikati kinacheza kama jino la mtoto wa darasa la kwanza. Nikanunua bushi za raba, si zile za bei ya kutupa, akazipiga presi, tukafunga. Kimya kizuri. Baada ya miezi saba, go! imerudi, na raba mpya imechanika kama karatasi.

Hapo nikaichukia raba. Jamaa yangu anayepeleka wageni Serengeti akaniambia nihamie poli, yaani poliyurethani, ule mpira mgumu wa rangirangi ambao mafundi wengi huuita plastiki. Bei yake kwangu ilikuwa kama mara tatu ya raba. Nikafumba macho, nikafunga mbele yote pamoja na za stabilaiza, ile fimbo inayozuia gari kulala kwenye kona.

Wiki ya kwanza nilikuwa nawahubiria watu. Zamani nikishika breki kali gari ilikuwa inatafuta pa kwenda, hasa unaposhuka na lori liko mbele yako, sasa inanyooka. Usukani ukiugusa, gari imeshaitika. Kufunga nako ni rahisi, maana poli inakuja vipande viwili na bomba lake la chuma, unasukuma kwa vaisi. Presi tuliihitaji kutoa yale makopo ya chuma ya bushi za zamani tu. Halafu raki ya usukani, ile inayogeuza magurudumu, ilikuwa inavuja, mafuta yanadondokea bushi ya kushoto. Raba ikinywa mafuta inavimba na kulegea, poli haijali.

Mama watoto ndiye aliyeona kasoro kwanza. Tulikuwa tumeacha lami baada ya Sengerema, tunaingia barabara ya vumbi ya shambani, akasema, "Baba, hii gari umeigeuza trekta?" Kweli, kila kokoto ilikuwa inapanda hadi kwenye vidole. Ugumu ule ule unaoinyoosha gari kwenye breki ndio unaoleta mtetemo ndani.

Masika ya 2025 ndiyo yaliyonivunja moyo. Mvua, tope, kisha mlio. Si wa kugonga tena, ni wa kulia: kila tuta gari inalia kama kitanda cha gesti. Nilikuwa naona aibu kupita getini kwa jirani usiku.

Nikaenda kwa mzee mmoja Igoma. Akalala chini, akatoka na kidole cheusi. "Nani kakuwekea grisi ya beringi humu? Hii inataka ya silikoni." Akanieleza jambo ambalo hakuna muuza spea aliyewahi kuniambia. Raba imegandishwa kwenye chuma, ndani na nje. Haitelezi, amu ikipanda raba inajinyonga, amu ikishuka inajinyongoa, kwa hiyo haihitaji grisi hata chembe. Poli haijagandishwa. Bomba linazunguka ndani yake, na grisi ikioshwa na maji, mchanga ukaingia, lazima ilie. Ukiichagua, ujue umekubali kuifungua na kuipaka mara kwa mara.

Kisha akaniuliza swali lililonimaliza. "Zile raba zako za kwanza, boliti zilikazwa gari ikiwa wapi?" Nikamwambia juu ya jeki, magurudumu yananing'inia. Mzee akacheka. Ukikaza hivyo, raba inashikwa ikiwa katika mkao wa kuning'inia. Ukishusha gari, imeshanyongwa kabla haijatembea hata mita moja, na kila shimo linaiongezea. Poli ilivumilia kosa hilo hilo kwa sababu bomba lake linazunguka tu. Kumbe muda wote huo nimeilaumu raba bure.

Nikamuuliza kama nifunge poli kwenye amu za nyuma. Alikataa katakata, na namuunga mkono. Ekseli ya nyuma ya Prado hii ni nzima, yaani chuma kimoja kinachounganisha magurudumu yote mawili. Gurudumu moja likipanda jiwe, amu zinapinda kwa pembeni pia, si juu na chini peke yake. Poli inakaza pale, na mzigo unahamia kwenye vishikizo vilivyochomelewa kwenye chesesi. Kwa njia zetu za mawe kule mlimani Isamilo, hilo silitaki.

Kwa hiyo sasa stabilaiza ina poli, yenye grisi ya silikoni, na hapo sina lalamiko. Amu za chini nimerudisha raba orijino, zimekazwa gari ikiwa imesimama kwa miguu yake, tukatengeneza raki, tukaenda alaimenti. Hiyo alaimenti usiiruke, boliti za amu hizo ndizo zinazorekebisha mkao wa magurudumu. Nakiri ule wepesi wa usukani wa poli naukosa. Asiyebeba familia, na mwenye fundi wa kumpakia grisi bila kinyongo, anaweza kuzipenda mbele zaidi yangu.

Kipimo changu cha pantoni hakipo tena, tangu Juni 2025 tunavuka darajani. Nimebaki na mawe ya Isamilo. Jana nimeshuka nayo vioo vikiwa chini, redio nimezima, nikasikia kokoto na mbwa wa watu.