Kipokezi cha kwanza cha SDR: kipi ununue, kipi ukiache dukani

Juu ya vichwa vyetu, digrii 25.9 mashariki, imesimama setilaiti ya Qatar iitwayo Es'hail-2. Ilirushwa Novemba 2018 kwa ajili ya televisheni, lakini ndani yake wapenda redio, yaani wanaowasiliana hewani kama burudani, walitengewa kipande chao cha masafa wanachokiita QO-100. Mpenda redio wa Ujerumani huitafuta chini, karibu digrii 30 kutoka upeo wa macho, akiomba mti wa jirani usimkinge. Ukiwa Dar es Salaam iko zaidi ya digrii 70, upande wa magharibi ukielekea kaskazini kidogo. Hakuna mnazi wala ghorofa la kukuzuia. Unaulaza ungo, unausogeza taratibu, na unawasikia watu wakiongea kutoka Brazil hadi Thailand.

Naanza na setilaiti hiyo kwa sababu kila anayeniuliza "ninunue kipokezi gani" cha SDR, yaani redio ambayo kazi yake inafanywa na programu ya kompyuta, huwa tayari ameshajiaminisha kwamba jibu ni mashine ya bei mbaya. Sivyo. Ungo wa mtumba, LNB (kile kichwa kinachokaa mbele ya ungo) ya kawaida ya televisheni na kipokezi cha USB cha dola 30 hadi 40 vinatosha. Kinachowakwamisha wengi ni kelele za umeme ndani ya nyumba zao wenyewe na waya mbovu, na hayo hayaponi kwa kununua kipokezi cha dola 300. Nimepanga orodha hii nikiwa na hilo kichwani: kipokezi cha kawaida kilichotengenezwa vizuri, halafu pesa inayobaki iende kwenye antena.

Kwanza tahadhari moja ya dukani. Vipokezi vingi vya bei nafuu vimejengwa juu ya chipu ya RTL2832U, iliyotengenezwa kwa ajili ya kuangalia televisheni kwenye kompyuta. Mwaka 2012 watundu waligundua kwamba chipu hiyo inaweza kuipa kompyuta mawimbi mabichi, kabla hayajachakatwa, na kazi yote ya redio ikafanywa na programu. Hapo ndipo SDR ya bei rahisi ilipozaliwa. Ila maduka bado yanaviuza kama vya televisheni. Nimesimama kaunta Kariakoo nikamsikia mteja akiuliza, "Fundi, hii inashika chaneli za bure?" na muuzaji akajibu, "Inashika kaka, we chukua tu." Haishiki. Chipu ile inasoma mfumo wa televisheni wa zamani, DVB-T, na matangazo ya Tanzania na Kenya ni ya mfumo mpya, DVB-T2. Ukiinunua kwa ajili ya mpira wa Jumapili umepoteza hela.

1. RTL-SDR Blog V3

Hiki ndicho ninachomwambia kila mtu anunue. Kwa njia yake ya kawaida kinashika kuanzia megahezi 24 hadi takribani 1,766, boksi lake ni la aluminiamu, na tundu la antena ni SMA, la kukaza kwa nati. Lakini sababu kubwa ni kristali yake ya TCXO, ambayo haihami ovyo joto linapobadilika.

Tuone maana yake. LNB ya televisheni inayashusha masafa ya QO-100 hadi karibu megahezi 740. Kristali ya bei rahisi inaweza kukosea sehemu 50 kwa milioni, yaani kilohezi 37 pale kwenye 740. Sauti ya mtu mmoja kwenye setilaiti ile haizidi kilohezi 3 kwa upana. Umemkosa kwa umbali wa watu kumi na zaidi, na kadiri kipokezi kinavyopata joto ndivyo anavyozidi kukukimbia. V3 hukosea sehemu 1 kwa milioni, yaani hezi 740 tu. LNB nayo huhama, kwa hiyo tafuta iliyoandikwa PLL, ambayo huhama kidogo. Vitu viwili vikihama kwa pamoja hutajua kipi kimekupoteza.

V3 inaweza pia kupeleka umeme wa volti 4.5 kwenye waya wa antena kwa ajili ya kikuza mawimbi kidogo. Umeme huo hauwashi LNB. LNB inataka volti 13 hadi 18, na hizo zikirudi ndani ya kipokezi zinaweza kukiua papo hapo. Nitalirudia hili mwishoni kwa sababu nimeona watu wakiliumia.

Angalia maandishi kwenye boksi: RTL-SDR BLOG V3. Vya kuiga vimejaa, na vingine vimepakwa rangi ileile.

2. RTL-SDR Blog V4

Ndugu yake mdogo, aliyetoka 2023. Namweka wa pili kwa sababu moja tu: anataka programu-endeshi zake mwenyewe. Ukitumia za zamani, kila kitu kinaonekana kimehama au hakuna kinachosikika, na anayeanza hudhani kifaa ni kibovu akakirudisha.

Kama unapenda masafa mafupi, mpangilio unageuka na V4 inakuwa ya kwanza. V3 huyashika masafa hayo kwa njia ya mkato, na kuzunguka megahezi 14.4 picha ya masafa kwenye skrini inajikunja: stesheni ya juu inatokea mahali pa stesheni ya chini. V4 ina sehemu ya ndani inayoyapandisha masafa kwanza, kwa hiyo mkunjo huo haupo. Wapenda redio wengi duniani hukutana kwenye megahezi 14, kwa hiyo tofauti hiyo si ndogo.

3. Nooelec NESDR SMArt v5

Kizuri, kina kristali imara na boksi la chuma. Ukikipata kwa bei ya chini kuliko V3, chukua bila wasiwasi.

4. SDRplay RSP1B

Hapa pesa inaanza kupanda mara kadhaa. Kinashika kuanzia kilohezi 1 hadi gigahezi 2, kinakuonyesha megahezi 10 kwa mara moja badala ya mbili na kitu, na kinapima mawimbi kwa biti 14 wakati vile vitatu vya kwanza vinapima kwa biti 8. Biti hizo zinasaidia hasa kwa anayekaa karibu na minara ya FM, kwa sababu stesheni yenye nguvu haiwezi kumfunika mnyonge kirahisi. Ni kifaa cha pili, baada ya mwaka mmoja wa kujua unachokitafuta.

5. Airspy HF+ Discovery

Kwa masafa mafupi ni kitamu kuliko vyote hapa. Lakini kinashika hadi megahezi 31, kisha 60 hadi 260, basi. QO-100 kwenye 740 haipo. Wanaokinunua bila kusoma mstari huo huumia.

6. Kijiti cha plastiki cha bluu au cheusi, kisicho na jina

Kama una dola 10 tu, kinunue na usione haya. Redio za FM utazisikia, na hata Kituo cha Anga cha Kimataifa kikipita na kurusha sauti kwenye 145.800 kitakufikia. Kitapata moto, kitahama, na tundu lake dogo la antena litalegea. Usikitegemee kwa QO-100.

7. HackRF One, hasa za kuiga

Wengi wanaitamani kwa sababu ya video za mtandaoni. Ni kifaa halisi cha maabara, kuanzia megahezi 1 hadi gigahezi 6, lakini kwa kusikiliza kinapima kwa biti 8 kama kile cha dola 30. Unacholipia ni uwezo wa kurusha, na kurusha kunahitaji leseni. Tanzania utawakuta TCRA, Kenya ni Mamlaka ya Mawasiliano, Uganda ni UCC. Leseni ndiyo inayokupa alama ya mwito, yaani jina lako hewani, inayoanza na 5H, 5Z au 5X. Kabla ya kuagiza kifaa chochote kinachorusha, waulize wao kwanza, maana forodha hawatakuuliza kwa upole. Na hata kwa kusikiliza tu, baki kwenye masafa ya wapenda redio na matangazo ya wazi. Mawasiliano ya watu wengine si yako kurekodi wala kusambaza.

Sasa pesa iliyobaki

Waya kwanza. Achana na waya mwembamba mweusi wa mita 10 unaouzwa na antena za sumaku. Nunua RG-6, ule wa ungo, upo kila mtaa. Vitabu vitakwambia ni wa omu 75 na kipokezi ni cha omu 50. Hasara ya tofauti hiyo ni ndogo mno ukilinganisha na anachokula waya mwembamba. Ongeza kiungo cha F kwenda SMA na kipande cha waya wa USB wa mita 1 au 2, ili kipokezi kikae mbali na laptopu.

Mbali na laptopu, kwa sababu laptopu yenyewe inapiga kelele. Mwaka 2012 Intel walichapisha maelezo kwamba nyaya na matundu ya USB 3.0 humwaga kelele kwenye masafa ya gigahezi 2.4. Kama adapta yako ya waifai hukatika ukichomeka diski ya nje ya USB 3.0, huenda hiyo ndiyo sababu, na dawa ni ileile: kipande cha waya, uisogeze adapta pembeni.

Kisha winda kelele za nyumbani. Nilifanya hivi jioni moja: laptopu kwenye betri, programu ya SDR++ wazi, nikazima meni swichi. Picha ile ya rangi inayoteremka kama maji ilikuwa imejaa mistari iliyoachana sawasawa, kila baada ya kilohezi 60 na kitu. Swichi ilipozima, mistari ikafa yote kwa pamoja, na nyuma yake zikatokea stesheni mbili nilizokuwa sizijui. Nikawasha kimoja kimoja. Friji, kimya. Taa ya LED ya jikoni, sakafu yote ya kelele ikapanda. Chaja ya laptopu, mistari ikarudi palepale ilipokuwa. Kontrola ya sola nayo huleta mistari kama hiyo mchana, jua likiwaka, halafu jioni inanyamaza.

Nilikata kile kifundo kinene cha feraiti, cha kuzuia kelele, kwenye waya wa skrini ya zamani na kuupitisha waya wa chaja ndani yake mara tatu. Mizunguko mitatu inazuia mara tisa ya mmoja, kwa hiyo usiuvishe mara moja tu ukaridhika. Mistari haikuisha, lakini ilififia kiasi cha kusikia kilicho nyuma yake. Taa niliibadilisha.

Mijini ongeza kichujio cha kuzuia FM, megahezi 88 hadi 108. Dalili ni kusikia muziki wa redio mahali pasipo na redio. Kabla ya kukinunua, punguza gain (kiasi cha kukuza mawimbi) kwenye programu; watu huipandisha hadi mwisho wakidhani wanasaidia, kumbe wanakizamisha kipokezi.

Kuhusu ungo: sentimita 60 hadi 80 zinatosha. Umeme wa LNB utoke kwenye king'amuzi cha zamani kupitia spilita (kigawanyio cha waya wa antena) yenye tundu moja tu linalopitisha umeme. King'amuzi kwenye tundu hilo, kipokezi kwenye lile lisilopitisha. Pima kwa mita kabla ya kuchomeka. Kiweke king'amuzi kwenye chaneli ya wima ya bendi ya chini, ili kitoe volti 13. Kisha nenda kwenye megahezi 739.500, 739.750 na 740.000. Ukiona alama tatu zimesimama, hata kama zote zimehama pamoja kwa kilohezi kadhaa kwa sababu ya LNB, umeipata. Sauti ziko katikati yake.