Twins Special BGVL3: glovu za Bangkok kwa mwalimu wa kigeni anayecheza ngumi

Mwalimu wa kigeni anayefundisha Bangkok, awe Mkenya, Mganda, Mtanzania au Mfilipino, akitoka shuleni saa kumi jioni anazikuta jimu nyingi ndiyo kwanza zinaanza zamu ya jioni. Begini ana madaftari ya kusahihisha, fulana ya kubadilisha na, akiwa makini, glovu zake mwenyewe. Glovu za kuazima hazimfai mtu wa kazi hii: sponji imeshalala, ndani hazipati muda wa kukauka kati ya mtu na mtu, na fangasi wa ngozi huambukizana humo. Akienda dukani kununua zake, mara nyingi jozi ya kwanza anayopewa ajaribu ni Twins Special BGVL3. Ni glovu nzuri sana. Hapa naipima kwa mtu anayecheza ngumi za kawaida, siyo Muay Thai (ndondi ya Thailand inayotumia pia mateke, magoti na viwiko), ambaye kesho yake asubuhi lazima ashike kalamu ya ubaoni.

Tuanze na kilichoileta duniani, kwa sababu uzuri wake na upungufu wake vinatoka hapohapo. Hii ni glovu ya Muay Thai. Mpiganaji wa mchezo huo anazuia mateke kwa mikono, kwa hiyo sponji ya BGVL3 haikuishia kwenye vifundo vya vidole. Imeendelea kufunika mgongo wa kiganja na ubavu wa mkono kwa unene wa kutosha. Vilevile anamkamata mwenzake shingoni, kwa hiyo upande wa kiganja umeachwa laini na unafunguka kirahisi, na shingo ya glovu, yaani sehemu inayozunguka kifundo cha mkono, ni fupi kuliko ya glovu nyingi za ngumi. Kwa bondia sehemu ya kwanza ni faida tupu: ukizuia huki (ngumi ya kuzungusha kutoka pembeni) kwa glovu, mgongo wa kiganja haupati maumivu. Sehemu ya pili ndiyo ya kuangalia. Shingo fupi inakiachia kifundo cha mkono nafasi ya kupinda, na kinapinda hasa pale huki inapotua kwenye begi zito la kupigia kwa pembe mbaya, wakati mkono umechoka na ngumi haijakazwa. Glovu peke yake haitakulinda hapo. Kazi hiyo ni ya bandeji, kitambaa kirefu unachozungushia mkono kabla ya kuvaa glovu, na nitairudia chini kwa urefu.

Ngozi ni ya ng'ombe, imara, na ikitunzwa inavumilia mazoezi ya mara tatu au nne kwa wiki kwa miaka. Kidole gumba kimeshikizwa kwenye mwili wa glovu kwa kipande cha ngozi ili kisiingie jichoni mwa mwenzako wala kisitenguke kikikwama. Kwa mwalimu jambo hili ni kubwa kuliko linavyoonekana, kwani gumba likiteguka huwezi kushika kalamu, kufungua kifuniko cha chupa, wala kusahihisha madaftari arobaini. Velkro ni pana na unaifunga mwenyewe bila msaada. Twins wanatengeneza pia ya kamba, BGLL1, inayokaza kifundo vizuri zaidi, lakini inahitaji mtu wa kukufunga na kukufungua. Mwalimu anayefika jimu amechelewa kwa foleni, kocha akiwa ameshapanda ulingoni na pedi anazoshika upigie, atajuta kuinunua. Chukua ya velkro.

Mshindani wake wa karibu ni Fairtex BGV1, nayo ya Thailand. Ile ni nyembamba, inabana mkono, na unahisi ngumi ikitua. Mwenye mikono midogo, wakiwemo wanawake wengi, atakaa vizuri zaidi ndani ya Fairtex. Ndani ya Twins ya aunsi 16 mkono wake utacheza, na mkono unaocheza ndani ya glovu ndio unaovunjika. Mwenye kiganja kipana atapumua vizuri kwenye Twins na atabanwa kwenye Fairtex. Kwa unene wa sponji Twins iko mbele, na kwa sababu hiyo ndiyo ninayompendekezea mwalimu mwenye mkono wa wastani au mkubwa.

Uzito unachaguliwa kwa kazi, na hapa wanaoanza hupotea sana. Aunsi moja ni gramu 28 na kidogo, kwa hiyo glovu ya aunsi 16 ina kama gramu 450 kila mkono, na ya aunsi 12 kama gramu 340. Aunsi 8 na 10 ni za pambano. Waachie wenye pambano. Kwa begi na pedi chukua 12 au 14. Kwa sparingi, yaani kupigana na mwenzako kwa mazoezi, jimu nyingi zinadai 16, na mwenye uzito wa chini ya kilo 60 pengine huruhusiwa 14. Ukiwa na pesa ya jozi moja tu, nunua 16: utachoka mabega mapema kwenye begi, lakini hutafukuzwa ulingoni. Ukiweza jozi mbili, zitenganishe kabisa. Begi zito linabana sponji ya mbele hadi inakuwa kama ubao, na ukimpiga nayo mwenzako unampiga na mifupa yako. Jozi ya sparingi isiguse begi.

Sasa bandeji. Nunua za mita 4.5, zenye mvutiko kidogo, jozi tatu ili moja iwe mkononi, moja kambani na moja kabatini. Zile fupi za mita 2.5 zinazouzwa kwa bei ya kutupa hazitoshi kwa glovu yenye shingo fupi. Ufungaji unaoifaa BGVL3 ni huu: ingiza gumba kwenye kitanzi, pitisha bandeji mgongoni mwa kiganja, zungusha kifundo cha mkono mara tatu, kisha panda kwenye vifundo vya vidole mara tatu huku vidole vimetanuliwa. Vidole vikikunjwa au kubanana wakati wa kufunga, ukikaza ngumi bandeji itakata damu. Kutoka hapo pita katikati ya vidole mara tatu, kila mara ukirudi kwenye kifundo cha mkono kwa umbo la msalaba mgongoni mwa kiganja. Zungusha gumba mara moja tu. Kilichobaki, na hakikisha kimebaki cha kutosha, kirudishe chote kwenye kifundo cha mkono. Bondia wengi huweka mzigo kwenye vidole kwa sababu huko ndiko wanakoogopa kuumia. Kwa glovu hii geuza hesabu, mzigo uende kifundoni. Kunja ngumi: iwe imara kama ubao. Fungua: vidole visiwe vya zambarau wala visife ganzi. Ganzi ikianza, fungua urudie, usingoje raundi iishe.

Hata ukiwa na bandeji na glovu safi, ngumi inayotua kwa vifundo vya kidole cha pete na kidole kidogo inaweza kuvunja mfupa wa kiganja chini ya kidole kidogo. Ni jeraha la kawaida la wanaorusha huki pana. Mkono unaweza kukaa kwenye plasta wiki kadhaa, na kama ndio unaoandikia, vipindi vyako vyote vinageuka kazi ya mdomo. Tua kwa vifundo viwili vya mwanzo, cha kidole cha shahada na cha kati, kifundo cha mkono kikiwa kimenyooka na mkono wa mbele. Mwambie kocha akurekebishe hapo kabla ya kukuongezea kasi.

Glovu mpya ni ngumu. Wiki mbili za mwanzo zilainishe kwa pedi, raundi mbili tatu kila siku, kwa nguvu ya wastani. Usizipige kwa nyundo, usizikalie, usizipashe moto. Sponji ya tabaka ikipasuka ndani haionekani kwa nje lakini ngumi inaanza kuuma. Baada ya hapo ngozi itafuata umbo la mkono wako.

Sparingi panga Ijumaa jioni. Shule za Thailand husimama mbele ya bendera saa mbili kamili asubuhi, walimu wakiwa mbele ya wanafunzi, na jicho lililovimba Jumapili litakuwa bado linaonekana Jumatatu getini. Lililovimba Ijumaa lina siku mbili za barafu na kupungua. Kofia ya kichwa nayo ieleweke: inapunguza kuchanika na michubuko, haiondoi mtikisiko wa ubongo. Sponji nene ya Twins inapunguza makali ya pigo kwenye ngozi, lakini kichwa kinachorushwa nyuma kinarushwa tu. Ukitoka na kichwa kinachouma, kichefuchefu, au ukajikuta unasoma mstari mmoja wa daftari mara tatu bila kuuelewa, sparingi imekwisha hadi daktari aseme, hata kama timu nzima inakusubiri.

Kitu kinachoua BGVL3 mapema Bangkok ni unyevu, kuliko ngumi zenyewe. Mvua zinaanza kama mwezi Mei na kuendelea hadi Oktoba, na muhula wa kwanza wa shule unaanza katikati ya Mei. Kwa hiyo kipindi chako cha kazi nyingi ndicho hewa inapokuwa imelowa. Glovu nene inanyonya jasho jingi na inachelewa kukauka. Ukizifungia kwenye begi Jumatatu usiku na kulifungua Jumatano, utakuta utando mweupe wa ukungu kwenye mshono na harufu isiyotoka tena.

Fanya hivi kila siku. Zivue, futa ndani kwa kitambaa kikavu hadi kwenye ncha za vidole, tanua velkro yote. Jaza magazeti yaliyokunjwakunjwa, yaache kama nusu saa yanyonye, yatupe. Kisha zisimamishe mbele ya feni, mdomo ukiangalia upepo, usiku kucha. Kama chumba chako kina kiyoyozi, hewa yake kavu inasaidia zaidi. Usizianike juani: jua la Aprili linakausha ngozi hadi inapasuka kwenye mikunjo ya kiganja. Usizifue wala kuzipulizia manukato, maana manukato yanaongeza unyevu na harufu inarudi ikiwa mbili. Ukungu ukitokea, changanya siki nyeupe na maji kiasi sawa, lowesha kitambaa, kamua hadi kisitone, futa, kisha feni tena. Ngozi ya nje ipake mafuta ya ngozi kidogo mara moja kwa mwezi. Bandeji zifuliwe kila baada ya mazoezi ndani ya mfuko wa wavu, la sivyo zitajifunga mafundo na nguo zako za kazini. Shuleni, glovu zisikae kwenye kabati la walimu kutwa nzima. Zining'inize nje ya begi au tumia begi la wavu, kwa heshima ya wenzako wa ofisi moja.

Bei yake Bangkok huanzia kama baht 2,000 na kupanda kutegemea uzito na duka. Ukiziona mtandaoni kwa nusu ya hapo, hizo ni feki, na feki za Twins ni nyingi. Zina ngozi ya plastiki inayonuka gundi, mishono inayopishana karibu na gumba, na sponji ambayo ukiibonyeza kwa kidole inafika chini kirahisi. Nenda duka la vifaa lenye jina, au maduka ya jirani na uwanja wa Muay Thai wa Rajadamnern, ule uliofunguliwa 1945, ambako unaweza kuvaa kabla ya kulipa. Nenda na bandeji zako na ujaribu mikono ikiwa imefungwa, kwa sababu glovu inayokaa vizuri mkono mtupu itabana ukifunga mita nne na nusu. Ncha za vidole ziguse juu kidogo bila kukunjamana, gumba lisivutwe nyuma, na ngumi ifunge yenyewe. Ikikulazimu kukaza misuli ya mkono ili ngumi ifunge hata dukani, omba jozi nyingine ya uzito huohuo kwanza. Zinashonwa kwa mkono na hazifanani kabisa. Ya pili nayo ikikataa, mwambie akuletee Fairtex.