Kozi ya mtandaoni ya fanfiksheni za vampaya: nyota nne
Nimemaliza hii kozi ya kuandika fanfiksheni (hadithi ambazo mashabiki hutunga kwa wahusika wa vitabu au filamu wanazopenda) za mapenzi ya vampaya, wale viumbe wanyonya damu, na kusema ukweli nilijiunga nikidhani ni utani, kumbe mwalimu anajua anachofanya. Swali lake la kwanza lilinimaliza: vampaya wako ana miaka 200, mbona ananuna kama mtoto wa sekondari? Duh. Wangu alikuwa anapenda, anakasirika, anaondoka usiku, anarudi, sura kumi na mbili hivyo hivyo.

Zoezi lililonisaidia zaidi ni la kuandika kosa moja mara tatu, ya kwanza vampaya anamficha mpenzi wake ukweli eti anamlinda, ya pili anaficha tena ila roho inamsuta, ya tatu anasema japo anaogopa kuachwa, yaani hapo ndo unaona mtu kabadilika bila hata kuandika neno kubadilika. Na kiu ya damu isiwe pambo tu, iwe kitu anachopambana nacho kila siku. Yule binadamu anayependwa na vampaya naye akue jamani, sio kulia na kuokolewa tu (wangu alizimia mara nne, nimefuta tatu).

Kilichoniudhi ni video, sauti inakatika katika, halafu maoni ya kazi yangu ya mwisho yalichelewa na yakaja mistari miwili. Miwili! Kama we unapenda kuandika mapigano tu haitakufaa, ila kama wasomaji wanakulalamikia kwamba mhusika wako ni yule yule toka sura ya kwanza, ingia.